Dereva anadhani chupa ya chai iko wapi?

Haya wasomaji, leo tuache msimbo kidogo tuongee kuhusu watoto. Msiondoke, tutarudi kwenye tarakilishi.

Chukua foleni ya malori pale Malaba. Dereva anaweka chupa ya chai chini ya kiti, anashuka kushughulikia karatasi za forodha. Huku nyuma utingo anaihamishia kwenye sanduku la spana. Dereva akirudi, ataitafuta wapi kwanza?

Chini ya kiti, bila shaka. Lakini mwulize mtoto wa miaka mitatu aliyeona yote, na mara nyingi atakujibu: kwenye sanduku! Heinz Wimmer na Josef Perner wa Austria walichapisha jaribio la aina hii mwaka 1983, wakitumia hadithi ya mtoto Maxi na chokoleti yake. Majaribio mengi yaliyofuata yameonyesha kwamba watoto wengi huvuka mpaka huu kati ya miaka minne na mitano.

Kwa lugha yetu sisi waandika programu, mtoto mdogo ana hifadhidata moja tu, na kwake watu wote wanasoma hiyo hiyo. Baadaye anagundua kwamba kila kichwa kina nakala yake, na nakala nyingine zimepitwa na wakati.

Sasa hoja yangu. Kituruki kina kitenzi maalum cha kuamini jambo lisilo kweli. Mwaka 2003 Marilyn Shatz na wenzake walionyesha kwamba kitenzi cha namna hiyo kikiwemo kwenye swali, watoto hujibu vizuri zaidi. Sisi tuna "kudhani". Mtu akisema "nilidhani umeondoka", tayari unajua hukuondoka.

Lakini fungua programu za watoto zilizotafsiriwa kutoka Kiingereza. Nyingi nilizojaribu zinaandika "anafikiri" kila mahali. Tumepewa chombo na lugha yetu, tukakitupa! Anayeumia ni mtoto wa Busia anayesikia Kisamia, Kikhayo au Kiteso nyumbani na Kiswahili sokoni. Anakosea swali lililoulizwa vibaya, programu inampa sufuri, na mtu mzima anaamini ile sufuri.

Kwa hivyo, wenzangu: andikeni "anadhani". Wekeni pia swali katika lugha ya nyumbani. Na mtoto wa miaka mitatu asipewe sufuri kwa jambo ambalo umri wake haujafika.

Kubadilisha neno moja kwenye faili la tafsiri ni kazi ya dakika moja. Au mnaonaje?