Wanane wa Mtendaji

Kazi yangu ni kusikiliza. Watafiti wakimaliza vikao vyao vijijini na mitaani huku Kahama, huniletea sauti walizorekodi, nami nazivalia hedifoni na kuziandika neno kwa neno, Kisukuma na Kiswahili vikiwa vimechanganyika vilevile wasemaji walivyovichanganya. Tangu mgodi wa dhahabu wa Buzwagi ulipofika ukingoni, wengi wanataka kujua watu wa Mwendakulima na Mwime wanasemaje kuhusu maisha baada ya mgodi. Njia wanayoikimbilia ni majadiliano ya vikundi. Watu sita hadi kumi na wawili, mwongozaji, mwandishi, kinasa sauti mezani, soda, saa moja na nusu, saini ya posho, kwaherini.

Siipingi njia hii. Dodoso lingemuuliza mama lishe kama kufungwa kwa mgodi kumeathiri biashara yake. Angejibu ndiyo, ikawekwa alama, dodoso likahamia nyumba ya pili. Katika kikao kimoja nilichoandika, mama lishe alisema sahani anazouza zimepungua tangu mgodi usimame. Mwenzake akamkata kauli: dada, hao wa mgodini walikuja kula kwako lini? Wanaotulisha sisi ni vijana wa makarasha. Wa tatu akadakia kwamba baadhi ya hao vijana wa makarasha, yaani wenye mashine za kusaga mawe ya dhahabu, mtaji walipewa na kaka zao walioajiriwa mgodini. Wakabishana pesa inatokea wapi na inapita mikononi mwa nani, mwongozaji akawa na busara ya kunyamaza. Kwa muda mfupi uchumi wa mtaa mzima ulikuwa umemwagwa mezani, na hakuna mtu mmoja ambaye angeweza kuueleza peke yake.

Kwenye ripoti, mabishano yale yakawa sentensi moja: washiriki walikubaliana kwamba hali ya uchumi imeshuka. Walikubaliana lini? Maneno yao niliyaandika mimi, na kitu pekee walichokubaliana ni kwamba soda zimechelewa.

Hapo ndipo ninapogombana na wanaotuletea tafiti hizi. Hata mwasisi wa njia hii alilalamika. Mwaka 1941, New York, mwanasosholojia Paul Lazarsfeld alimwalika mwenzake Robert Merton studio kutazama wasikilizaji wa redio wakibonyeza kitufe chekundu kwa kilichowachukiza na cha kijani kwa kilichowapendeza, kisha wakaulizwa kwa nini. Merton hakuridhika na namna walivyokuwa wakihojiwa, na katika kuirekebisha, njia hii ikapata umbo lake. Mwaka 1987 aliandika akilalamika kwamba kauli za vikundi zinachukuliwa kama matokeo kamili, ilhali yeye alizihesabu kuwa fununu za kwenda kupimwa kwa watu wengi zaidi. Asilimia haitoki kwa watu wanane. Hata neno "wengi" linahitaji kuogopwa.

Na wanane wenyewe wanapatikanaje? Barua ya kibali ya COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, au ya chuo hushuka ofisi kwa ofisi, mkoa, wilaya, kata, hadi kwa mtendaji wa mtaa au kijiji. Mtendaji amepigiwa simu jioni kwamba kesho saa nne wanatakiwa watu. Anawaita anaojua watakuja: mjumbe, mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa vikoba, kijana wa bodaboda anayempeleka mjini. Sauti zao nimezizoea. Wameshajadili maji, malaria, ndoa za utotoni, na sasa mgodi. Yupo mzee anayemkumbusha mwongozaji swali linalofuata.

Halafu wageni husahau kwamba watu wanane wa mtaa mmoja ni mdai, mdeni, shemeji na mkwe. Kwa Wasukuma, mkwe hakai popote tu na mkwewe. Muweke binti na baba mkwe wake kwenye benchi moja, uliza habari za uzazi wa mpango, utarekodi watu wakikohoa. Wanaotenganisha wanawake na wanaume wamefanya nusu ya kazi. Kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, kutoka hapa hadi Geita, mwenye leseni, mwenye duara (shimo) na mwanaapolo anayechimba mara nyingi wote ni wanaume, na wakikaa pamoja mgawo wa mifuko ya mawe huwa wa haki tupu, hakuna mwenye malalamiko. Ukiuliza habari za zebaki, kila mmoja huvaa glavu. Nenda mwaloni, wanakooshea dhahabu, mchana ukatazame mikono.

Ushahidi wa pengo hilo kati ya kauli na matendo upo katika kanda hii hii. Utafiti wa Mema kwa Vijana ulifanyika katika wilaya za Mwanza ya zamani, Geita ikiwemo. Mwaka 2004 watafiti wake walichapisha ulinganisho wa njia tano za kujua mienendo ya ngono ya vijana, kuanzia vipimo vya maabara na madodoso hadi mahojiano ya kina na kuishi kijijini wakitazama. Majibu yalipishana. Wapo ambao vipimo vilionyesha wameshafanya ngono na dodoso likasema hawajawahi. Vikundi havikuwa miongoni mwa njia hizo tano, lakini ikiwa mtu anaficha mbele ya karatasi, mbele ya jirani atasema nini?

Haya yangekuwa mambo ya wasomi kama si mahali tulipo. Mkataba wa Buzwagi ulisainiwa London Februari 2007. Mbunge Zitto Kabwe alipouhoji bungeni Agosti mwaka huo alisimamishwa kuhudhuria vikao vya Bunge, ikaja Kamati ya Jaji Mark Bomani ya kupitia sekta ya madini, na mwaka 2010 sheria mpya ya madini. Sasa eneo la mgodi limepangiwa kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi, na wapangaji watataka kusikia "maoni ya wananchi".

Basi halmashauri, kabla ya kupokea ripoti ya namna hiyo, iulize nani aliwachagua washiriki, nani alikaa na nani, na mahali gani walipishana. Anayeshindwa kujibu swali la tatu arudishiwe ripoti yake. Na atakayeandika kwamba washiriki walikubaliana, aje kwanza aisome sentensi hiyo hapa Mwendakulima kwa sauti, wale mama lishe watatu wakiwepo.