Rubani Akitaka Kuwa Polisi

Ijumaa moja ya muhula huu Chama chetu cha Mdahalo kilijadili hoja isemayo: "Aliyekwisha kushika kazi nzuri asiiache kwenda kushika nyingine." Hoja ilipita kwa kura nyingi sana. Siandiki haya kwa uchungu wa kushindwa, maana usiku ule mimi sikufungua kinywa. Naandika kwa sababu ya kicheko. Msemaji wa pili, mwenzangu wa kidato cha nne ambaye kwa ufasaha hana mfano wake hapa shuleni, aliuliza, "Ni mwendawazimu gani atakayeshuka katika ndege ya abiria akavae kofia ya konstebo?" Ukumbi mzima ukacheka. Walimu nao wakacheka. Nami, mtoto wa koplo wa polisi, nikacheka pamoja nao.

Taa zilipozimwa bwenini, kicheko kile kilinirudia, wala hakikunipendeza.

Kwanza, ndugu yetu alisahau kwamba si kila rubani ashukaye katika ndege hushuka kwa hiari yake. Baada ya mashambulio ya 11 Septemba 2001 huko Marekani, mashirika ya ndege yaliwasimamisha kazi maelfu ya marubani. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja, marubani wa dunia nzima walikaa nyumbani wakitazama mbingu tupu. Tena rubani huishi mkononi mwa daktari. Nahodha wa ndege za abiria huko Marekani akishapita miaka 40 hana budi kupimwa afya kila miezi 6, na moyo au macho yakimkatalia siku moja, leseni yake haimfai kitu. Mtu wa namna hiyo akienda kuomba kazi ya polisi, je, ni mwendawazimu, au ni baba anayetafuta riziki?

Lakini sitaki kudanganya kwamba njia hii ni nyepesi. Mlango mmoja hufungwa mapema, na wa pili hukaa wazi muda mrefu, jambo ambalo halikutajwa ukumbini hata kidogo. Hapa Kenya matangazo ya kuwaandikisha makonstebo yamekuwa yakitaka vijana wa miaka 18 hadi 28. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, huajiri maofisa wake kabla hawajatimiza miaka 37, isipokuwa baadhi ya waliotumikia jeshi, na humstaafisha ofisa akifika 57. Rubani wa abiria, kwa upande wake, huruhusiwa kuruka hadi 65. Wamarekani waliupandisha umri huo kutoka 60 mwaka 2007. Basi hesabu ni rahisi. Polisi wa miaka 40 aweza bado kuwa rubani, lakini rubani wa miaka 40 amekwisha chelewa katika vituo vingi vya polisi. Kwa hiyo mwenye kuzitamani kazi zote mbili, heri aanze na ile ya polisi. (Ajabu ni kwamba mtu wa umri wangu, miaka 17, aweza kwa sheria kupewa leseni ya kurusha ndege ndogo kwa nafsi yake, walakini polisi hawampokei mpaka atimize 18.)

Tatizo ni fedha, na hapo wazazi wanaosoma gazeti hili watanielewa upesi kuliko wenzangu. Leseni ya biashara huhitaji saa 200 hivi za kuruka, na kila saa hulipiwa. Kuwa nahodha wa ndege kubwa huhitaji saa 1,500. Huko Marekani, tangu 2013, hata rubani msaidizi hutakiwa kuwa na saa hizo 1,500, ingawa waliotoka jeshini na katika vyuo fulani hupunguziwa. Sheria hiyo ilitokana na ajali ya karibu na Buffalo, Februari 2009, iliyoua watu 50. Mshahara wa polisi haujazi kibaba hicho upesi.

Kisha kuna jambo ambalo naona ni gumu zaidi ya fedha, nalo ni kuanza chini. Katika mashirika ya Marekani kila rubani ana nambari yake katika orodha, kwa kufuata siku aliyoajiriwa. Nambari hiyo ndiyo huamua ataruka ndege gani, njia ipi, atapata likizo lini, na nani atatolewa kwanza kazi zikipungua. Akihamia shirika jingine, hata kama alikuwa nahodha, huandikwa wa mwisho. Polisi nako ni vivyo hivyo: nahodha wa jana atapigwa kwata na kumpigia saluti kijana aliyemzidi miaka kumi. Mwenye kutaka kubadili kazi ajiulize kwanza kama shingo yake yainama. Wengi wetu zetu haziinami. Kidato cha nne tunaona haya hata kushika ufagio mbele ya kidato cha kwanza.

Je, aendaye hubeba nini? Hubeba mengi. Tarehe 28 Desemba 1978 ndege ya shirika la United ilikuwa ikikaribia Portland, Marekani, ikiwa na watu 189. Magurudumu yalitia shaka. Nahodha akazunguka angani karibu saa nzima akishughulika na shaka hiyo, hata mafuta yakamwishia. Wasaidizi wake waliona mafuta yanapungua, wakayataja, lakini si kwa nguvu ya kumzindua mkubwa wao. Watu 10 walikufa. Mwaka 1981 shirika lile likaanza kuwafundisha marubani wake kwamba mdogo ana wajibu wa kusema, na mkubwa ana wajibu wa kusikiliza. Leo mafunzo ya namna hiyo yameenea katika mashirika ya dunia. Mimi natamani mtu aliyefunzwa hivyo aingie katika kituo cha polisi, mahali ambapo konstebo aonapo kosa la inspekta humeza mate. Na polisi aendaye kuruka hubeba mazoea ya kukesha, ya kuandika sawasawa lililotokea, na ya kutotetemeka watu wanapopiga kelele.

Wamarekani walijaribu hata kuzichanganya kazi hizi katika kiti kimoja. Sheria ya Novemba 2002 iliruhusu marubani wa hiari kufunzwa, kupewa bastola na kuapishwa kuwa maofisa, ili kukilinda chumba cha rubani tu. Mimi sikubaliani nayo. Aliyeshika usukani na ashike usukani. Afadhali kikosi chetu cha ndege cha polisi, chenye makao yake uwanja wa Wilson, Nairobi, ambako kuruka ndiko kazi yenyewe ya polisi. Tarehe 10 Juni 2012 helikopta ya kikosi hicho ilianguka katika msitu wa Ngong, wakafa wote 6 waliokuwamo: Waziri George Saitoti, Waziri Msaidizi Orwa Ojode, walinzi wao wawili, na marubani wawili, nao walikuwa maofisa wa polisi. Sidhani msemaji wetu angethubutu kuuliza swali lake mbele ya jamaa za marubani wale.

Likizo fupi nilimsimulia baba habari za mdahalo, nikaacha kusema kwamba nilicheka. Alikuwa akipiga viatu vyake rangi. Akasema, "Mimi nilitaka kuruka ndege. Nilipokuwa na fedha kidogo, ukazaliwa wewe." Alisema hivyo kama mtu atajaye bei ya unga. Nikamfanyia hesabu: ana miaka 44, amekaa polisi miaka 22, na hadi 65 imebaki 21. Akacheka, akaniuliza, "Na karo yako atalipa nani, nahodha?"

Sikuwa na jibu, wala sasa sina. Lakini hoja ile ikirudishwa ukumbini muhula ujao, naomba jina langu liandikwe upande wa wapingaji.