Tuache Kupiga Picha Mashimo, Tuanze Kupiga Picha Nyufa

Makamanda, hebu fungueni simu zenu mtazame picha mlizorusha mitandaoni wakati wa masika. Karibu kila mmoja wetu anayo moja ya shimo la barabarani. Maji yamejaa, bajaji imeinama upande mmoja, na juu ya picha tumeandika kijembe kwa serikali. Watu wamecheka, wamesambaza, na sisi tumelala tukijiona tumefanya siasa.

Leo tunasema jambo ambalo huenda lisiwafurahishe wote: picha ile ilichelewa. Shimo likishaonekana, hasara imeshatokea. Kama kweli tunataka kuwabana wenye dola, tujifunze kupiga kelele mapema, pale barabara inapoanza kuumwa, siyo kwenye msiba wake.

Tuanze na kuelewa barabara ya lami inakufaje. Kwenye barabara zetu nyingi lami ni nyembamba, na siyo yenyewe inayobeba lori. Mzigo unabebwa na matabaka ya kokoto na kifusi kilichoshindiliwa chini yake. Lami ya juu ni kama bati la nyumba: kazi yake kubwa ni kuzuia maji yasishuke ndani. Jua linaikausha mwaka hadi mwaka, inakuwa ngumu, inapoteza mnato, mwishowe inapasuka. Ufa wa kwanza ni mwembamba kama uzi, hata dereva haoni. Mvua inanyesha, maji yanapenya, kifusi kinalainika, na kila gurudumu linalopita linayasukuma maji pamoja na udongo kutoka chini. Siku moja kipande cha lami kinang'oka. Ndilo lile shimo ulilolipiga picha.

Kwa hiyo adui namba moja wa lami ni maji, na dawa zake hazina maajabu. Mitaro na makalavati yazibuliwe kabla ya mvua. Majani kwenye mabega ya barabara yafyekwe ili maji yasituame pembeni. Ufa uzibwe kwa lami ukiwa bado mdogo. Na kila baada ya miaka kadhaa, kabla barabara haijaanza kuoza, ipakwe tabaka jipya jembamba la lami na kokoto ndogo. Shimo likitokea, lizibwe kwa utaratibu: kingo zikatwe ziwe wima, kilichooza chote kitolewe, pakauke, papakwe lami, kisha pajazwe na kushindiliwa tabaka kwa tabaka. Sasa linganisha na tunachokiona mitaani: kifusi kinamwagwa kwenye shimo lenye maji, kinasawazishwa kwa koleo, na wiki ya pili kimeshaondoka na tairi za daladala. Hiyo siyo matengenezo, ni kutudanganya mchana kweupe.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Benki ya Dunia ililisema hilohilo kwa hesabu katika ripoti yake ya maendeleo ya mwaka 1994: dola bilioni 12 za matengenezo yaliyofanywa kwa wakati zingeiokolea Afrika dola bilioni 45 za kujenga upya barabara zilizoharibika katika muongo mmoja. Yaani kila dola moja iliyobaniwa ilikuja kudai karibu dola nne. Na wanaolipa deni hilo ni sisi na wadogo zetu.

Msije mkaambiwa hela hakuna. Tanzania ina Mfuko wa Barabara, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, na sheria inataka angalau asilimia 90 ya fedha zake ziende kwenye matengenezo. Fedha hizo zinatokana zaidi na tozo kwenye mafuta. Mwaka 2021 tozo hiyo iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, tukaambiwa ni kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini zilizo chini ya TARURA. Piga hesabu ya kamanda wetu wa bodaboda. Akiweka lita tatu kwa siku, kwa nyongeza ile peke yake anachangia shilingi 300. Akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, ni shilingi 90,000. Analipa kila anaposimama kituo cha mafuta, hana namna ya kukwepa. Halafu usiku anakwepa shimo, anaingia upande wa pili, anakutana na lori. Huyu siyo mwombaji wa msaada. Ni mlipaji anayedai huduma aliyoilipia.

Kwa nini basi nyufa hazizibwi? Kwa sababu ufa uliozibwa hauna utepe wa kukata. Hakuna kiongozi anayekusanya umati kuzindua mtaro uliozibuliwa. Kilomita mpya ina jiwe la msingi, ina Mwenge, ina matarumbeta na mabango. Barabara ya zamani iliyotunzwa vizuri haina habari, kwa sababu hakuna kilichoharibika.

Na hapa tuwe wakweli: ugonjwa huu na sisi tunao. Wagombea wetu nao wamesimama majukwaani wakinadi kilomita mpya, na sisi tumewapigia makofi. Hatujasikia mara nyingi mgombea wetu akisema, "Nichagueni nitunze hii iliyopo." Kama tunataka tuonekane tofauti na tunaotaka kuwaondoa, tutofautiane hapo.

Kuna mengine yanayotuhusu wenyewe. Taka tunazotupa mtaroni ndizo zinazorudisha maji barabarani. Sehemu za kuoshea magari zinazomwaga maji kutwa nzima kwenye ukingo wa lami ni za vijana wenzetu. Gereji za pembeni zinazomwaga dizeli na oili juu ya lami zinaiyeyusha gundi inayoshikilia kokoto. Na kule kuchoma matairi katikati ya barabara siku ya hasira, jamani, tunachoma mali yetu. Moto ule unaiunguza lami, mvua inayofuata inamalizia, na mwenye gari la kifahari hapati hasara kama anayoipata mama anayepanda bodaboda kwenda kliniki.

Lakini wabebaji wakubwa wa lawama wako kwenye mizani. Majaribio yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara kwa barabara yanapanda kwa kasi kuliko uzito unavyopanda: ekseli ya tani 12 inaharibu karibu mara mbili ya ekseli ya tani 10. Ndiyo maana sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka ukomo wa tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Kila lori lililozidisha likapita kwa kupeana mkono wenye noti, tani zile mbili amezilipia mwananchi.

Tufanyeje? Mwaka mpya wa fedha unaanza Julai, na sehemu kubwa ya nchi inakuwa kavu mpaka vuli. Miezi hiyo ndiyo ya kazi.

Kwanza, kila tawi lichague barabara moja ya lami katika kata yake. Tembeeni kwa miguu mwanzo hadi mwisho. Pigeni picha nyufa, mitaro iliyoziba, na kalavati lililojaa mchanga. Andikeni tarehe na mahali.

Pili, pelekeni orodha hiyo kwenye mkutano wa mtaa au wa kijiji, na nakala kwa diwani na kwa ofisi inayohusika na barabara hiyo. Ombeni iingizwe kwenye muhtasari. Ulizeni kwa maandishi: barabara hii imetengewa kiasi gani cha matengenezo mwaka huu, na mkandarasi ni nani? Sheria ya upatikanaji wa taarifa ya mwaka 2016 inatupa haki ya kuuliza, na inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu.

Tatu, mvua ikianza rudini palepale mpige picha ya pili. Kama ufa umezibwa, semeni umezibwa, hata kama aliyeziba siyo wa chama chetu. Kama umegeuka shimo, wekeni picha mbili pamoja: hapa tuliwaambia, hapa hawakusikia.

Picha hiyo haitachekesha, lakini hakuna atakayeweza kusema hakujua. Tukutane barabarani.