Vuka Ziwa Kwanza, Boeing Itakusubiri

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Katika hosteli zetu hapa Kampala limezuka kundi la vijana wanaotaka cha mvunguni wakiwa wamesimama wima. Ni wapenzi wa simuleta za ndege, zile programu za kompyuta zinazomwezesha mtu kurusha ndege akiwa chumbani kwake. Mimi mwenyewe ni mmoja wao, kwa hiyo sisemi kwa wivu wala kwa ujinga. Nasema kwamba wengi wetu tunachagua vibaya ndege za nyongeza na vifaa vya urambazaji, na kwamba uchaguzi huo mbaya unatupotezea pesa, muda na hata ndoto ya urubani.

Desturi ilivyo ni hii. Kijana akishapata kompyuta yenye nguvu kidogo, jambo la kwanza ni kutafuta Boeing 737 au Airbus A320 ya nyongeza. Baadhi ya ndege hizo huuzwa kwa bei inayolingana na ya programu yenyewe. Jambo la pili ni kulipia data za urambazaji zinazobadilishwa kila baada ya siku 28, yaani mara 13 kwa mwaka. Baada ya hapo anaandika njia kwenye kompyuta ya ndege, anawasha rubani wa mitambo, kisha anaenda kupika. Akirudi, ndege imefika Nairobi. Nauliza: hapo nani amerusha ndege?

Mwaka jana nilimpa mtihani mwenzangu wa chumbani, ambaye alikuwa akijigamba kwamba amekwisha fika Dubai mara nyingi kwa Boeing yake. Nilimwomba achukue Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, aruke kutoka Entebbe hadi Kisumu bila GPS. Safari hii ni nyepesi kuieleza. Viwanja vyote viwili viko karibu sana na mstari wa ikweta, kwa hiyo unaelekea mashariki, digrii 93 hivi za dira, juu ya Ziwa Viktoria. Umbali ni maili 137 za bahari, karibu kilomita 254. Kwa mwendo wa maili 110 za bahari kwa saa, ni safari ya saa moja na robo.

Aliruka vizuri. Akashika digrii 93 bila kutetereka. Baada ya saa moja na robo aliona nchi kavu na ufuko, akaapa kwamba ni Kisumu. Ilikuwa Kendu Bay, ng'ambo ya kusini ya ghuba. Dira yake haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa upepo wa kaskazini wa maili 13 kwa saa, ambao niliuweka mimi na ambao yeye hakuuhesabu. Marubani wana kanuni rahisi: kila digrii moja ya kosa, ukisafiri maili 60, inakutoa njiani kwa maili moja. Upepo ule ulimsukuma digrii saba. Kwa maili 137, hiyo ni maili 16, karibu kilomita 30. Angegeuza pua ya ndege digrii saba tu upande wa kaskazini tangu mwanzo, angefika. Mtu aliyefika Dubai mara nyingi hakuweza kuvuka ziwa tunaloliona kutoka Entebbe!

Najua wapinzani wangu watajibu nini. Watasema, "Ndugu yetu, siku hizi rubani wa kweli anafuata mstari wa zambarau kwenye skrini. Kwa nini uturudishe zama za dira na saa?" Hoja hii ina ukweli ndani yake, siikatai. Ndege za abiria za leo kweli zinaongozwa na kompyuta. Lakini marubani wanaokaa mbele ya kompyuta hizo hawakuanzia hapo. Chuo cha urubani cha Soroti, kilichoanzishwa mwaka 1971 enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, hakimpi mwanafunzi mpya ndege ya abiria. Anaanza na ndege ndogo, ramani, dira na saa. Kompyuta humsaidia mtu anayejua alipo. Asiyejua, ikizimika amepotea, na ikimdanganya hatagundua.

Wengine watasema kwamba ndege ndogo ni za watoto. La hasha! Cessna 172 iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1955, na hadi leo zimeundwa zaidi ya 44,000. Ndiyo darasa la marubani wengi duniani. Uzuri wake ni kwamba inakuja bure ndani ya simuleta zote maarufu: Microsoft Flight Simulator, X-Plane, na FlightGear, ambayo yenyewe haiuzwi kabisa.

Sasa, kwa anayetaka kuongeza ndege nyingine, nashauri aipime kabla ya kutoa hata shilingi moja. Atazame video za walioinunua, aombe kuijaribu kwa rafiki, kisha aulize swali moja: je, inajua tofauti ya Mombasa na Kigali? Uwanja wa Mombasa uko karibu usawa wa bahari. Uwanja wa Kigali uko futi 4,859 juu. Mchana wa nyuzi 25 za joto, hewa ya Kigali inakuwa nyepesi kana kwamba uko futi 7,200. Ndege ya kweli yenye injini ya pistoni itakimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka, itapanda kwa kujikongoja, na itakulazimu kuvuta kishikio chekundu ili kupunguza mafuta yanayoingia kwenye mchanganyiko na hewa. Ikiwa ndege unayotaka kununua inaruka Kigali kama inavyoruka Mombasa, hiyo ni picha nzuri tu. Usiinunue, hata kama viti vyake vimechorwa uzi kwa uzi.

Kuhusu vifaa vya urambazaji, nasema wazi: anayeanza hana haja ya kulipia data mpya kila mwezi. Mnara wa redio na uwanja wa ndege havihami kila siku 28. Data zinazokuja na programu zinatosha kujifunzia. Programu ya Little Navmap hutolewa bure, na inaonyesha viwanja, minara ya redio na njia kwa watumiaji wa Microsoft Flight Simulator na X-Plane. Siku utakapojiunga na mtandao kama VATSIM, ambako watu wa kujitolea huongoza ndege kwa sauti zao, hapo data mpya zitakuwa na maana, kwa sababu utazungumza na mtu mwenye ramani ya leo. Kabla ya hapo, unalipia hewa.

Tukumbuke pia mazingira yetu. Microsoft Flight Simulator huvuta picha za ardhi kutoka intaneti wakati unaruka. Bando likiisha, unaruka juu ya nchi ya kubuni. X-Plane na FlightGear huhifadhi ardhi ndani ya kompyuta. Mwanafunzi anayenunua bando kwa pesa za matumizi ahesabu jambo hili kabla ya kuhesabu vitufe vya chumba cha rubani.

Nimefika kwenye jambo linaloniuma zaidi. Wasio na pesa, kwa aibu ya kuonekana na ndege ndogo, wanapakua ndege za wizi. Mwenzangu huyo huyo alifanya hivyo kwenye tovuti moja ambayo sitaitaja. Programu iliyokuja na ndege ile ilimwambia azime kinga ya virusi, naye akaizima. Siku mbili baadaye faili zake zote zilikuwa zimefungwa, pamoja na sura tatu za tasnifu yake. Alilia, nami nikalia naye, maana tungehitimu pamoja. Cha kusikitisha ni kwamba hakuwa na haja ya kuiba. Zipo ndege kubwa zinazotolewa bure na watu wa kujitolea, kama A320 ya FlyByWire na Boeing 737 ya Zibo. Aliibiwa tasnifu kwa kitu ambacho angepewa.

Mwisho, kwa nini tuwe wanunuzi tu? X-Plane inatoa bure programu ya WorldEditor, ambayo kwayo mtu yeyote anaweza kuchora uwanja wa ndege na kuuwasilisha ili utumiwe na wote duniani. Mwanafunzi wa Gulu anajua jengo liko wapi na mti uko wapi kuliko mchoraji aliyeko Marekani. Muda ule tunaoutumia kutamani Boeing ungetosha kuweka viwanja vya Gulu, Arua na Kasese vinavyofanana na vilivyo.

Wenzangu, sisemi tusipande ngazi. Nasema tuanzie daraja ya chini. Chukueni Cessna, ramani, dira na saa. Hesabuni upepo. Atakayeona nimekosea na anipinge kwa hoja, lakini anipinge akiwa amekwisha tua Kisumu, si Kendu Bay.