*TAARIFA YA KATIBU WA TAWI: ATAKAYELIPA DENI AINGIE KIKAONI*



Ajenda namba 4 ya kikao cha Jumapili imeleta maneno. Tangu niitume nimepokea sauti na ujumbe mwingi. Mmoja ameuliza kama tawi sasa limegeuka chekechea. Mwingine, mzee wangu ninayemheshimu sana, amesema mambo ya tabianchi ni ya Dodoma na kazi ya mtoto ni shule. Najibu hapa ili wote msome, halafu Jumapili tupige kura.

Ajenda inasema hivi: tunapopanga mambo ya mazingira na mabadiliko ya tabianchi, watoto na vijana wa Milepa wasikilizwe rasmi, maoni yao yaandikwe na yapelekwe ngazi za juu. Hakuna zaidi ya hapo.

*Naanza na kosa langu.* Siku tuliyojadili upandaji miti, kijana mmoja wa kidato cha tatu alisimama mlangoni akauliza: "Miche tuliyobeba mwaka jana, nani alipangiwa kuimwagilia?" Tukamwambia watu wazima wanaongea. Akaondoka. Wiki hii nimefungua kitabu cha mihtasari, swali lake halimo. Niliandika tu kwamba kikao kilijadili upandaji miti. Nimesomea uhasibu, na kwenye uhasibu kuacha deni bila kuliandika kuna jina lake, tena si zuri. Jibu la swali lake tunalijua wote: hakuna aliyepangiwa. Picha tulipiga, tukapongezana, miche ikaliwa na mbuzi. Katika watu wote waliokuwepo siku ile, aliyeuliza swali la maana alikuwa yule tuliyemfukuza.

*Kwa wanaosema watoto hawahusiki.* Sisi wa bondeni tunaishi chini ya Lyamba lya Mfipa. Mti ukikatwa kule juu, udongo unashuka na maji mpaka kwetu, unajaza mito, unaishia Ziwa Rukwa. Ziwa lile halina mto unaotoka, kwa hiyo tope likiingia halina pa kwenda. Na kwa kuwa kina chake ni kifupi, maji yakipanda kidogo tu yanafika mbali mashambani, yakishuka mitumbwi inabaki kwenye matope.

Sasa niambieni. Kifuku kikija mto ukajaa, nani anakosa shule? Kisima kikikauka mwezi wa 9, nani anatumwa na dumu? Mpunga ukisombwa, matumizi ya nani yanakatwa kwanza nyumbani kama si sare na daftari? Hizo ni gharama, na watoto wanazilipa leo. Sehemu kubwa zaidi watailipa sisi tukiwa tumeshazikwa.

Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 ilizinduliwa Julai 2025, na hifadhi ya mazingira pamoja na kuhimili mabadiliko ya tabianchi ni moja ya nguzo zake 3. Pigeni hesabu. Aliyekuwa na miaka 10 mwaka ule atakuwa na 35 mwaka 2050. Mimi, nikijaliwa uhai, nitakuwa nimevuka 65. Karibu nusu ya Watanzania wako chini ya miaka 18. Ushirika gani unaitisha mkutano nusu ya wenye hisa wakiwa wamefungiwa nje, halafu unawaletea deni walipe?

*Kwa wanaosema haya ni mambo ya wazungu.* Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilitungwa na Bunge letu. Kifungu cha 11 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Na kila Juni 16 tunaadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika kwa kumbukumbu ya wanafunzi wa Soweto waliosimama mbele ya bunduki mwaka 1976. Vijana waliokimbia baada ya mauaji yale, nchi yetu iliwapokea, wakajengewa shule Mazimbu, Morogoro. Watoto wa wenzetu tuliwasikiliza. Wetu tunawaambia watu wazima wanaongea.

Mzee wangu amenikumbusha samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli kabisa. Lakini tutamkunja vipi kama hatumruhusu hata kuingia jikoni?

*Kwa wanaosema hii ni kazi ya Dodoma.* Tanzania iliridhia Makubaliano ya Paris mwaka 2018. Mwaka 2021 ikaahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na kiwango ambacho kingefikiwa bila kuchukua hatua. Ahadi iliandikwa mjini, lakini inatekelezwa kwenye jiko la mkaa, kwenye moto tunaowasha porini na kwenye miti ya mlimani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka kamati za mazingira mpaka ngazi ya kijiji. Mpango wa kijiji unapanda kwenye kata, unafika halmashauri, unaingia kwenye bajeti. Njia ipo. Ila mkutano mkuu wa kijiji ni wa watu wa miaka 18 na kuendelea. Mwenye miaka 17 hana mlango mpaka sisi tumfungulie.

*Na lipo gumu, silikwepi.* Kijana mmoja mchoma mkaa ameniambia: "Katibu, ukinizuia, nipe kingine." Ana haki. Hilo ndilo linalokosekana tunapopanga bila yeye: tunapitisha marufuku, yeye anarudi mlimani usiku. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni ya mikopo, na 4 kati ya hizo ni za vijana. Kwa nini vikundi vyetu visiombe kwa ajili ya vitalu vya miche na mizinga ya nyuki? Jirani zetu wa Katavi, vijiji 8 vya Wilaya ya Tanganyika, vinalipwa fedha za kaboni kwa kutunza misitu yao, na vimejenga madarasa kwa fedha hizo. Msitu wa namna ile hutunzwa miaka mingi. Atakayeulinda miaka 20 ijayo leo yuko darasa la nne.

*Napendekeza Jumapili tupitishe haya:*

1. Kabla ya kikao chochote cha mazingira, watoto na vijana wakutane na mlezi, baada ya saa za masomo na kwa ridhaa ya wazazi. Wachague msichana na mvulana wa kusoma maoni yao mbele yetu.

2. Maoni hayo yaandikwe kwenye muhtasari, na kila hoja ijibiwe: imekubaliwa, au imekataliwa na kwa sababu gani. Diwani wetu ayapeleke kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata.

3. Mtoto asivalishwe sare ya Chama, asipewe kadi, asipigwe picha za kampeni kwa sababu ya jambo hili. Atakuja kama mtoto wa Milepa, awe wa mwanachama au wa mpinzani. Mafuriko hayaulizi kadi.

Najua pendekezo la tatu litawaudhi baadhi yenu. Bila hilo, mimi mwenyewe nitapiga kura ya kukataa ajenda nzima, maana tutakuwa tumewaita kubeba miche mara ya pili.

Yule kijana nimemtafuta. Nimemwomba radhi, na nimemwalika aje na mzazi wake. Swali lake litakuwa la kwanza kuandikwa kwenye muhtasari wa Jumapili. Anayetaka kumjibu kwamba haimhusu, aje amwambie uso kwa uso, nami nitaandika jina la msemaji.

Kikao ni saa 8 mchana. Viongozi wa mashina, wajulisheni wasio na simu.

*Katibu wa Tawi*
Milepa