UKURASA WA FAMILIA: Daftari la kuagana la watoto wa P7

Mwezi huu tumeweka pembeni habari za malaria na uji wa watoto. Tunataka tuzungumze juu ya kitu ambacho kiko ndani ya mfuko wa mtoto wako wa P7 sasa hivi, hata kama hujakiona. Ni kaye ndogo ya kurasa 48, imefunikwa kwa gazeti, na juu yake kumeandikwa kwa biki nyekundu: USIFUNGUE KAMA HUJAITWA. Hilo ndilo daftari la kuagana. Wengine wanaliita otografu.

Kama mnavyojua, mtihani wa PLE unafanyika mwanzoni mwa Novemba, siku mbili tu, na baada ya hapo darasa linavunjika. Ndiyo maana muhula huu wa mwisho daftari zinazunguka benchi kwa benchi. Kila mwenye daftari anachora mistari na kuandika maswali: jina lako, jina lako la utani, chakula unachopenda, somo linalokuumiza kichwa, unataka kuwa nani. Na chini kabisa, pale penye nafasi kubwa: ujumbe wako kwangu.

Hapo kwenye ujumbe ndipo kuna vituko. Tukiwapa mfano wa namna wanavyoandikiana, ni kama hivi:

"Kwa Ambulansi. Kila asubuhi ulifika mbio kama umebeba mgonjwa, kumbe umebeba kiazi mfukoni. Ukienda sekondari anza safari jana."

"Wee Bwana Kifutio, uliazima kifutio changu tangu tuko P5. Deni nimekusamehe. Riba utalipa mbinguni."

"Wewe ndiye ulitufundisha desimali nyuma ya tenki la maji. Mwalimu alieleza mara tatu, wewe mara moja tu tukaelewa. Lakini kuimba, tafadhali, acha kabisa."

Wazazi wanasema nini

Kuna mzazi anayesema kaye ni pesa, na pesa haiko. Mwingine anasema huu ni muda wa kurudia masomo, si wa kuchekana. Baba mwingine akikuta maneno "sitakusahau" katika daftari la binti yake, anauliza nani huyu asiyesahau, na daftari linaishia kwenye jiko la mkaa.

Hatuwacheki wazazi hawa. Kaye ni pesa kweli, na mtihani ni mtihani. Lakini kabla ya kuchoma, tulitazame jambo hili vizuri, maana watoto wetu hawaagani kama watoto wa sehemu nyingine.

Mtoto wa kijiji kilichotulia akimaliza P7 anamwambia mwenzake "kwaheri," halafu kesho wanakutana kisimani. Hapa kwetu benchi moja inakaa Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda, Msomali na mtoto wa mwenyeji. Baada ya Novemba mmoja anapelekwa kwa shangazi Kampala, mwingine familia yake inarudi nyumbani, mwingine anabaki kulima, mwingine bado anangoja safari ya ng'ambo. Na safari yenyewe mnajua ilivyo. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia zilizokuwa tayari na tarehe ya ndege zikafungua mizigo upya. Mtoto aliyeagwa akabaki, na aliyebaki hajui kama ataondoka lini. Katika hali hii "tutaonana" si neno jepesi.

Tena wako watoto ambao walishatengana na darasa moja bila kuaga. Mwaka 2025 vita vilipofika Goma mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, mtu alikimbia na nguo aliyovaa. Nani alikuwa na nafasi ya kumwambia rafiki yake wa benchi kwaheri? Mtoto kama huyo anapopata darasa la pili, na sasa anapewa wiki tatu za kuaga kwa utaratibu, kwa biki na kwa kicheko, tusimnyang'anye. Makazi haya ya Nakivale yapo tangu 1958. Watoto wengi sana wamepita hapa na kutawanyika, na wengi wao hawana hata karatasi moja ya kuonyesha walikaa na nani darasani.

Utani una sheria

Sasa tuseme upande wa pili, kwa sababu vijana mnasoma ukurasa huu pia. Mzaha mzaha hutumbua usaha. Kuna daftari zilizovunja urafiki wa miaka saba kwa mstari mmoja.

Wazee wetu walikuwa na jambo linaloitwa utani. Kwa makabila mengi ya Tanzania, utani si kuropoka tu. Ni uhusiano unaojulikana, kabila na kabila, au ukoo na ukoo. Mtani wako anaweza kukucheka mbele za watu, na huruhusiwi kukasirika. Hata msibani anaweza kumwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, na wafiwa wakacheka katikati ya machozi. Ndugu zetu Wanyarwanda nao wana jambo linalofanana na hilo kati ya koo, wanaliita ubuse.

Lakini sikilizeni vizuri, hapa ndipo penye siri. Huyo mtani anayechekesha msibani ndiye huyo huyo anayetoa jasho msibani. Anachimba kaburi, anateka maji, anapika. Ruhusa ya kucheka imefungwa pamoja na wajibu wa kusaidia. Asiyekuja kwenye shida yako hana haki ya kukutania kwenye raha yako.

Basi kijana, kabla hujaandika, jiulize maswali mawili. La kwanza: huyu mtu nimewahi kumsaidia, au ameshawahi kunisaidia? Kama jibu ni hapana, andika salamu njema tu, usimtanie. La pili: ninachotania ni kitu alichofanya, au ni kitu alichozaliwa nacho au kilichompata? Kuchelewa, kusinzia, kupenda maandazi, kuimba vibaya, hayo ni mambo aliyofanya, na yeye mwenyewe atacheka. Kabila lake, rangi yake, mguu wake, baba yake aliyefariki, nguo moja anayovaa kila siku, hayo si utani. Hayo ni mawe. Na jiwe lililoandikwa kwa biki halifutiki, mtu atalisoma akiwa na miaka arobaini.

Kuna maneno mengine si mabaya lakini hayafai kwenye daftari linalopita mikono thelathini. Usiandike namba ya faili ya familia yako. Usiandike namba ya simu ya mama, wala sababu iliyowakimbiza. Ndugu yangu, daftari likipotea sokoni, hujui nani ataliokota. Wasichana, kama mtu amekuandikia neno linalokutisha au linalokuita mahali peke yako, hiyo si kumbukumbu. Chana ukurasa huo umpelekee mama, shangazi au mwalimu wa kike unayemwamini.

Yule ambaye hakuandikiwa

Tuongeze jambo moja ambalo mara nyingi halionekani. Katika kila darasa kuna mtoto ambaye daftari halimfikii. Ameingia muhula wa pili, Kiingereza hakijui vizuri, anakaa nyuma karibu na mlango. Wenzake wakimwandikia, ni "kila la heri" tu, na "kila la heri" inaweza kuandikiwa hata mti.

Walimu, tunawaomba hapa mtusaidie. Chukueni nusu saa ya Ijumaa moja, kila mwanafunzi apewe karatasi yenye jina lake juu, izunguke darasa zima, na kila mmoja aandike kitu kimoja alichokiona kwa macho yake. Siyo "wewe ni mzuri." Aandike: "ulinigawia maji siku ya mbio," au "unachora ng'ombe mpaka nasikia harufu." Mtoto wa nyuma akirudi nyumbani na karatasi ya namna hiyo, atajua kwamba alionekana.

Na msidhani ni kupoteza muda wa masomo. Masomo ya PLE ni manne: Hesabu, Kiingereza, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Kiswahili hakimo, na hakuna swali linalosema "mweleze mwenzako kwa ukweli." Ila nje ya chumba cha mtihani, swali hilo ndilo mtu anajibu maisha yake yote.

Karatasi ya mtoto si takataka

Wapo watakaosema haya ni mambo ya kitoto. Basi tuwape habari moja ya kweli. Anne Frank alikuwa msichana Myahudi aliyezaliwa Ujerumani, na familia yake ikakimbilia Uholanzi, yaani naye alikuwa mkimbizi kama watoto wetu. Tarehe 12 Juni 1942 alitimiza miaka 13 akapewa daftari la mirabaraba, aina ile ile ya daftari la kuandikiwa na marafiki. Yeye akaligeuza kuwa la kuandika habari zake, na leo dunia nzima inasoma aliyoyaandika. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amemwandikia dada wa rafiki yake ukurasa mmoja wa kumbukumbu, shairi fupi tu la kitoto. Anne alikufa kambini mwa Wanazi mwaka 1945. Ukurasa ule ulitunzwa, na mwaka 2016 uliuzwa mnadani Uholanzi kwa euro 140,000.

Hatusemi daftari la mtoto wako litauzwa. Tunasema dada yule hakujua anatunza nini. Alitunza tu kwa sababu mtu anayemjua alimwandikia.

Kwa hiyo wazazi, tunawaomba mambo matatu. Kwanza, kama kaye mpya haipatikani, chukueni karatasi zilizobaki kwenye kaye za zamani, zishoneni kwa uzi na sindano, zitatosha. Pili, PLE ikiisha, daftari liwekwe ndani ya kavera, lifungwe, lisikae chini kwenye mchwa na maji ya mvua. Liwekwe pamoja na kadi ya chanjo na karatasi nyingine za familia, maana nalo ni karatasi ya familia. Tatu, mwombe mtoto wako ukurasa mmoja, na wewe uandike. Kama hujui kuandika, mwambie maneno, yeye aandike, halafu uweke kidole gumba chako chini. Mtanie kidogo, una haki hiyo kuliko wote, kwa sababu ndiye uliyembeba njiani.

Na kwa watoto wa P7: someni kwanza, daftari baadaye. Milima haikutani, binadamu hukutana. Lakini kabla ya kukutana tena, mwandikie mwenzako sasa, wakati bado mko benchi moja na biki bado ina wino.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.