Waheshimiwa Mliotoka Ualimu, Chaki Mmeitupa Wapi?

Wadau, kuna kamchezo kanaendelea. Mtu akiwa anaomba kura, kila jukwaa ni "mimi ni mwalimu mwenzenu, vumbi la chaki nimelila." Akishapita tu, jina linabadilika. Ukimwita "Mwalimu" anakunja sura, anataka "Mheshimiwa". Anatembelea vieite yenye vioo vyeusi, na ile shule aliyofundisha hajaikanyaga tangu apige picha za kampeni.

Sasa mlinganishe na aliyekwenda na jina hilo mpaka kaburini. Julius Nyerere alikuwa anafundisha sekondari ya St. Francis, Pugu, huku akiongoza TANU iliyozaliwa Julai 7, 1954. Machi 1955 akaenda New York kuisemea Tanganyika Umoja wa Mataifa. Aliporudi ikabidi achague: darasa au siasa. Akaacha kazi. Enzi hizo hakuna posho ya kikao wala mkopo wa gari. Alipoweka chaki chini aliweka na mshahara, na familia yake bado changa. Mwenyewe alizoea kusema ualimu aliuchagua, siasa ilimkuta tu.

Tofauti iko hapo. Yeye kuingia siasa kulimshusha kipato. Wengi wa leo kunawapandisha.

Na hata alipofika Ikulu, ualimu haukumtoka. Mwaka 1963, tayari ni Rais, ikachapishwa tafsiri yake ya Kiswahili ya Julius Caesar ya Shakespeare. Mwaka 1967 akaandika Elimu ya Kujitegemea. Watu waliendelea kumwita Mwalimu na hakununa.

Najua wapo watakaotoa povu kwamba anapambwa sana. Haya, tuseme yote. Mwalimu huyo alikuwa na fimbo pia. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar waliandamana kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, akawafukuza karibu 400. Ukali ule ulipitiliza. Ila siku ileile alitangaza kujikata mshahara wake mwenyewe asilimia 20. Adhabu haikuishia kwenye madawati, ilifika mpaka meza ya mwalimu. Nani leo anathubutu hivyo?

Hakuna anayekataa mwalimu kugombea. Agombee, tena anafaa, maana umaskini wa wananchi kaufundisha ana kwa ana. Lakini yule uliyemwacha stafu bado anadai malimbikizo yake, bado anasubiri kupandishwa daraja, bado anapanga chumba mbali na shule. Umesimama bungeni mara ngapi kumsemea? Kama jibu ni kimya, basi chaki ilikuwa ngazi tu, na ngazi mtu akishafika juu haangalii tena.

Mdau, wa jimboni kwako yuko kundi gani, Mwalimu au Mheshimiwa? Dondosha maoni, ila matusi hapana.